Mgonjwa wa Redioni Hachomwi Sindano

Katika michezo ya redio, mtu akikohoa mara mbili amekwisha kuchimbiwa kaburi. Nalijua hilo kwa sababu nimeisikiliza michezo hiyo kuliko mtu yeyote pale Nshambya, na bado naisikiliza, sasa kwa sikio moja. Mimi nilikohoa zaidi ya mara mbili. Nilikohoa miezi, nikakohoa damu, na leo nafundisha darasa la tatu, napalilia kibanja changu cha migomba na kugombana na watu wa nyumbani kwangu kama kawaida. Namwandikia yeyote anayekohoa sasa hivi. Jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini sijui, waulizeni waliosomea. Ninachojua ni jinsi siku zilivyokwenda.

Mume wangu, Deogratias, ni seremala. Msimu mmoja kahawa yetu ilipozaa vizuri alinunua redio, akaitengenezea kibanda chake cha mbao ukutani kama sanamu ya mtakatifu. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mchana tulikuwa shambani au shuleni, alasiri mimi nilifundisha kisomo cha watu wazima, na Jumatano jioni, baada ya taarifa ya habari, ulikuja mchezo. Ulihusu nyumba ya tajiri mmoja ambaye watoto wake hawakujua kufa kwa kawaida. Wa kwanza alitiliwa sumu na nduguye. Wa pili alisukumwa kisimani. Mjane wa wa kwanza alipata wazimu, akachoma ghala moto na yeye mwenyewe akiwa ndani. Katika nyumba nzima mtu mwema alikuwa mmoja tu, binti aliyeitwa Zaituni, na huyo alikuwa na kikohozi.

Niliupenda mchezo ule na ulinichosha roho. Nilikuwa nikiisemesha redio. Nilimwambia Zaituni afunge mlango, nilimwambia asinywe ile chai, nilimwambia kuna hospitali katika nchi hii. Deogratias aliniambia mara nyingi kwamba hawanisikii. Wiki ikipita nilimlaani mtunzi, na Jumatano ikifika nilikuwa wa kwanza kuvuta kigoda.

Kikohozi changu kilianza kiangazi. Nilisema ni vumbi la chaki. Nilikunywa majani aliyochemsha jirani, nikanywa dawa ya maji ya dukani, nikakonda mpaka nguo zikawa zinanizunguka. Usiku nililoana jasho, asubuhi nikageuza godoro Deogratias asione. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Muleba. Jumatano hiyo tulikuwa tumekaa wote, mtoto wangu Konsolata, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, akiwa mapajani mwangu. Zaituni akakohoa kule redioni. Nami, bila kutaka, nikakohoa. Akakohoa tena, nami tena. Deogratias aligeuka kunitazama. Mama mkwe alinyoosha mikono, akamchukua mtoto, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Huyo mwanamke ametuletea ugonjwa wake ndani ya nyumba."

Alimaanisha Zaituni. Kesho yake nilikuta betri hazimo kwenye redio. Hebu fikirini. Mtu anakohoa damu, na nyumba nzima, yenye seremala, mwalimu na mama wa makamo, inaamua dawa ni kutoa betri. Ilipita wiki mbili nyingine kabla sijakwenda hospitali, na wiki hizo najilaumu mwenyewe, kwa sababu miguu ilikuwa yangu.

Mjini Bukoba kulikuwa na benchi nje ya chumba cha kupimia. Benchi hilo nalijua kuliko kitanda changu. Unafika alfajiri na kopo lako la makohozi umelifunga kwenye kitambaa, unakaa, unasogea kila mwenzako anapoitwa, na kila anayepita analitazama kopo halafu anakutazama wewe. Nilipeleka makohozi siku tatu. Siku ya nne aliyeshika makaratasi alikwenda kunywa chai, tukaambiwa turudi. Siku ya tano nikaambiwa ni kifua kikuu. Aliyenieleza alikuwa kijana mpole, akaniambia kinatibika, kwamba nitalazwa miezi miwili kwa sindano za kila siku, kisha nitakunywa vidonge mwaka mzima na zaidi. Mimi nilisikia neno la kwanza tu. Yaliyobaki nilimwomba ayarudie, na nakushauri nawe uombe hivyohivyo, hata mara tatu.

Deogratias nilipomwambia alisema sawa. Alitoka, nikasikia randa ikifanya kazi mpaka giza, na aliporudi alikuwa na kitanda kidogo kipya, akakiweka chumba cha pili. Hakusema nani atalala humo. Nilipomuuliza alisema ni kitanda tu. Kwa muda mrefu sikumsamehe kitanda kile.

Nilipelekwa wodi ya kifua katika hospitali ya misheni kule Muleba, karibu na kwa wakwe zangu. Mama mkwe alimchukua Konsolata. Jumapili alimleta mpaka kwenye ua wa hospitali, akasimama naye upande wa pili wa michongoma, akampungisha mkono. Mtoto alipunga kama anavyompungia mtu aliye ndani ya basi. Wiki ya nne hakupunga tena. Alikuwa anachezea majani.

Asubuhi yetu ilianza na sindano. Tulijipanga kwenye benchi kumi na mmoja, huku sindano zikichemka kwenye sufuria, na nesi akiita bila kuinua macho. Leo tako la kulia, kesho la kushoto. Kufikia wiki ya tatu hapakuwa na mahali pa kukalia pasipouma. Baada ya hapo vidonge vikubwa, vichungu, ambavyo vilirudisha uji mdomoni. Lakini wiki ya nne niliamka nikiwa na njaa. Njaa ya kweli, ya kutaka ndizi na maharage. Nililia kwa ajili ya sahani ya ndizi, mimi mtu mzima, na jirani yangu wa kitanda akaniongezea nusu ya zake.

Huyo alikuwa Ma Eliada, mjane wa Kilutheri wa pale pale Muleba, mama wa kunizidi miaka ishirini. Alikuwa amekohoa miaka miwili nyumbani kabla ya kuletwa. Aliniita Mwalimu, akanirekebisha jinsi ya kukunja shuka, na kila nilipotaka kujihurumia aliniuliza kama nimekunywa vidonge.

Mfagizi wa wodi alikuwa na redio. Jumatano jioni aliiweka dirishani, upande wa veranda, na wanawake kumi na mmoja wenye kifua kikuu wakavuta blanketi zao kusikiliza mchezo wa mwanamke anayekufa kwa kifua kikuu. Ma Eliada alisema mchezo ule ni upuuzi na ni dhambi, kisha akakaa mbele kabisa.

Mimi ndiye niliyekuwa na shida. Siku hizo Zaituni alikuwa amelala kitandani na mchumba wake akimshika mkono. Daktari aliingia, akapumua kwa nguvu, akasema hakuna la kufanya. Hakumpima. Hakumchoma. Hakumwandikia hata kidonge kimoja. Nilisimama pale veranda nikaiambia redio impe sindano. Wenzangu walicheka mpaka wakakohoa, na nesi akaja kutufukuza. Sikuwa nacheka. Nilikuwa na hasira na mtu huyo wa Dar es Salaam aliyetunga hospitali bila kuingia hospitali.

Karibu na mwisho wa mwezi wa pili masikio yangu yalianza kuvuma, hasa la kushoto, kama nyuki ndani ya mzinga. Nikiinuka haraka sakafu ilihama. Tulikuwa tumeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba mtu akisikia hivyo aseme mara moja. Sikusema. Wodini tulikuwa na imani yetu kwamba anayesimamishiwa sindano ni yule aliyekatiwa tamaa, na mimi sikutaka kuwa yeye. Kwa hiyo nilinyamaza, nikaitikia kichwa kwa watu nisiowasikia. Naweza kuwalaumu watunzi na mama mkwe wangu na mwenye makaratasi aliyekwenda kunywa chai, lakini sikio hili nilijiharibia mwenyewe.

Jumatano iliyofuata sikuusikia mchezo. Ilikuwa sauti ya maji yanayopita mbali. Nilimwona Ma Eliada akiinamisha uso, nikaona wengine wakijifuta kwa kanga. Ulipokwisha nilimsogezea sikio la kulia na kumwuliza kumetokea nini. Alifikiri kidogo. Kisha akanieleza kwamba daktari mwingine amekuja, mzee, mwenye akili, akaagiza sindano, na Zaituni ameanza kukaa kitandani na kuomba chakula. Nilimwuliza mbona watu wanalia. Akasema ni furaha.

Niliamini. Nililala nimeridhika kuliko siku zote za mchezo ule. Asubuhi kwenye benchi la sindano nilimkuta Paskazia, msichana wa miaka kumi na minane hivi, ambaye uchumba wake ulisimamishwa siku aliyolazwa. Alikuwa amefunga kitenge juu ya furushi. Nilimwambia, kwa kutaka kumchangamsha, kwamba hata Zaituni ameanza kula.

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Zaituni amekufa jana, Mwalimu. Wewe hukuwepo?"

Akainuka na furushi lake. Alisema, na safari hii alisema karibu na sikio langu zuri, kwamba naye anakwenda kufia kwao, kuliko kuchomwa kila siku halafu afe vilevile. Akatoka mlangoni.

Nilimgeukia Ma Eliada. Sijawahi kumkasirikia mtu mkubwa kiasi hicho. Nilimwuliza kwa nini alinidanganya. Hakuona haya hata kidogo.

"Wao walishindwa kumponya," alisema, "nikamponya mimi."

Sikuwa na muda wa kumjibu. Nesi alikuwa ndani anachemsha, mfagizi hakuonekana, na Paskazia alikuwa tayari amepita michongoma kuelekea barabara ya basi. Nilimfuata na kandambili zangu. Hatua mia mbili labda, na kwangu zilikuwa kama kwenda Bukoba kwa miguu. Kifua kiliwaka. Nilimwita, akasimama, nadhani kwa sababu ya jinsi nilivyopumua.

"Rudi, Mwalimu. Utaanguka."

"Zaituni alichomwa sindano ngapi?"

Alihamishia furushi mkono wa pili.

"Nakuuliza. Ngapi?"

"Hawakusema."

"Hawakusema kwa sababu hakuchomwa hata moja. Wewe umechomwa thelathini na nane, nimekuhesabia. Aliyemuua yule ni mtu mwenye kalamu, na kifua chake ni kizima kabisa."

Alikaribia kutabasamu, niliona. Kisha akasema hata hivyo anakwenda, akageuka. Nami nikatia mguu mmoja mbele nimkamate kanga, barabara ikahama, nikaanguka kwa uso.

Watu wa wodi ile husimulia mpaka leo kwamba nilijiangusha kwa hila. Ningekuwa na akili hiyo ningechagua mahali pasipo na kokoto. Nilipofumbua macho Paskazia alikuwa amepiga magoti, akifuta damu kidevuni kwangu kwa upindo wa nguo yake, akilia na kunigombeza kwa Kihaya, kwamba mtu mzima hana adabu, anakimbia barabarani na mapafu mabovu. Basi lilikuja, likapunguza mwendo, likapita. Akaweka furushi kichwani, mkono wangu begani kwake, akanirudisha hatua zote mia mbili.

Nesi hakuuliza tulikotoka. Alituonyesha benchi, akasema, "Nani anaanza?" Paskazia akaanza.

Kidevu ndicho kilichoniumbua. Daktari alipokuja kunishona alisimama kushotoni kwangu akanisemesha, na mimi nikaendelea kutazama dirisha. Alizunguka upande wa pili, akarudia maneno yaleyale, nikajibu. Hakunigombeza, ingawa nilistahili. Sindano zilisimamishwa siku hiyo, nikabadilishiwa dawa. Sikufa kwa kusimamishiwa. Kizunguzungu kilikwisha baada ya majuma machache. Sikio la kushoto halikurudi.

Kwa hiyo, wewe unayesoma: masikio yakivuma, sema. Siku hiyohiyo, kwa nesi huyohuyo, hata kama amenuna. Ningeweza kuandika ukurasa huu mmoja tu na ukatosha.

Ma Eliada hakutoka wodini. Nawaambia hili kwa sababu nimechoka na wanaoficha, na yeye aliniponyea Zaituni kwa uongo, lakini mimi siwezi kumponya yeye kwa kalamu. Miaka miwili ya kukaa nyumbani ilikuwa imekula mapafu mengi mno. Alikufa wiki moja kabla ya mimi kuruhusiwa, mchana, mvua za vuli zimeanza. Redioni mtu akifa anahutubia robo saa, anasamehe maadui zake, na muziki unapigwa. Ma Eliada aliomba maji. Nilimshikia kikombe. Akanywa, akasema yana baridi nzuri, akafumba macho. Nilikaa nikidhani amelala.

Niliruhusiwa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walipokuwa wanaanguka, watoto wakikimbia na makopo yao kila mahali. Nilikuwa nimeongezeka uzito, nina kovu kidevuni na mfuko wa vidonge. Nilidhani nimemaliza. Ilikuwa bado. Mwaka mzima na zaidi, kila siku, hata siku unayojiona mzima kuliko wazima. Hizo ndizo siku mbaya, kwa sababu kila mtu, na wewe mwenyewe, anakuuliza unakunywa nini na huumwi.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kuuliza kwa nini sionekani shamba la ujamaa. Nilimwonyesha barua ya daktari. Akasema barua ni ya miezi miwili. Nikamwonyesha vidonge. Akasema vidonge si barua. Nilimwalika akae karibu nami tuzungumze vizuri, nikakohoa kidogo, hiyo ya makusudi, na shauri likaisha. Wiki iliyofuata alinipangia kuandika mahudhurio nikiwa nimekaa kivulini, na nilimheshimu kwa hilo.

Mama mkwe alikuja Nshambya na Konsolata, akakaa. Daktari alikuwa ameandika wazi kwamba siambukizi tena. Deogratias alimsomea barua mara mbili. Alisikiliza, akakubali, kisha akafunga uzi mwekundu kwenye kikombe changu. Sahani yangu aliisukuma kwa ncha za vidole. Lakini katika sahani hiyo kulikuwa na yai kila asubuhi, na kuku walikuwa wake, na kidonge kilikuwa kando ya yai. Hakusahau hata siku moja. Mimi nilisahau, yeye hakusahau. Nilikuwa nataka kumchukia kwa raha zangu, naye hakunipa nafasi.

Deogratias alikitoa kile kitanda kidogo chumba cha pili mwezi wa tatu baada ya mimi kurudi, akampa Konsolata. Siku hiyo ndipo nilipomwuliza alikuwa amekitengeneza kwa ajili ya nani. Alisema hakujua. Alisema aliposikia ugonjwa wenyewe mikono ilitaka kazi, na akiogopa hajui kutengeneza kitu kingine isipokuwa kabati, na mbao za kabati hazikutosha. Nilikuwa nimebeba kitanda kile moyoni miezi yote hiyo.

Kwa mtoto nilishindwa. Alimwita bibi yake mama, na mimi aliniita Mwalimu, kama alivyosikia watu wakiniita. Nikimwita alijificha nyuma ya kitenge cha bibi. Nilijaribu kumkamata, nikamliza. Nilijaribu ndizi mbivu, akachukua ndizi akakimbia. Nilimkasirikia, na nikajikasirikia kwa kumkasirikia mtoto wa miaka mitatu. Wenye watoto wadogo, dawa ya hilo haimo kwenye vidonge, na hakuna aliyenionya.

Masika yakapita, kiangazi, senene tena. Nilipimwa Bukoba, kwenye benchi lilelile, makohozi safi. Nilipimwa tena baada ya mvua nyingine, nikaambiwa nisirudi. Nilirudi nyumbani, nikakaa chini ya upenu kumenya ndizi, sikumwambia mtu bado. Nilitaka kukaa na habari hiyo peke yangu kidogo.

Konsolata akatoka ndani. Alikuwa anaelekea umri wa shule sasa. Alizunguka, akaja akakaa kushotoni kwangu, ameniegemea kabisa, akaweka mdomo karibu na sikio langu lililokufa, akaanza kunieleza kitu. Kirefu. Nilihisi pumzi yake shingoni, nikaona kwa pembe ya jicho mikono yake ikionyesha ukubwa wa jambo hilo, kitu kikubwa, kisha kidogo, kisha kikaanguka. Sikusikia neno hata moja. Nilijua nikigeuza kichwa kumpa sikio la kulia atakumbuka mimi ni nani, atakimbia. Kwa hiyo niliendelea kumenya ndizi na kuitikia kichwa, kama nilivyojifunza wodini, mpaka alipomaliza.

Sasa yuko darasa la sita na anaongea bila kupumzika. Mara kadhaa nimemwuliza siku ile aliniambia nini. Anakunja uso kama bibi yake.

"Nilishakwambia, Mama," anasema. "Hukuwa unasikiliza?"